Hodi Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Chekechea ya Porini kwenye Ardhi ya Wanoongar, Perth

Desemba moja, mtoto wa miaka minne alinijia mbio na tawi mkononi. Maua yake yalikuwa ya rangi ya chungwa iliyokolea, kama yamewashwa moto. Nikamsifia, nikamwambia tutalitia kwenye chupa ya maji tulipeleke darasani. Bibi wa mtoto mwingine, Mnoongar, yaani mmoja wa wenyeji wa asili wa huku Perth, alikuwa amekaa kwenye turubai akimenya tufaha. Akaweka kisu chini. Hakupandisha sauti. Alinieleza tu kwamba mti ule ni moodjar, na kwamba wao hawauchumi, kwa sababu roho za waliofariki hupumzika pale kabla ya kuendelea na safari.

Nilikuwa na vyeti vyote: huduma ya kwanza, kibali cha kufanya kazi na watoto, fomu zilizosainiwa na wazazi. Nilichokuwa sijafanya ni kupiga hodi.

Chekechea ya porini ni ile ambayo watoto hutoka kituoni kila wiki kwenda kucheza na kujifunza porini. Mwongozo huu ni wa wenzangu wanaozungumza Kiswahili huku Australia, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, ambao wengi wetu tumeingia kazi ya kulea watoto, vituoni au nyumbani kwa leseni. Ni wa wazazi pia, wale ambao mtoto anawarudia na matope hadi masikioni. Mifano yangu ni ya Perth kwa sababu ndipo ninapoishi. Ukiwa kwingine, hatua ni zilezile, ila majina, majira na wenyewe wa ardhi watabadilika.

Hatua ya 1: Jua umesimama kwa nani

Perth kwa Kinoongar ni Boorloo. Iko kwenye ardhi ya Wawhadjuk, kundi mojawapo kati ya 14 ya Wanoongar, wenyeji wa pembe yote ya kusini-magharibi. Ukiwa Adelaide uko kwa Wakaurna, Darwin kwa Walarrakia, katikati ya Sydney kwa Wagadigal, Melbourne kwa Wawurundjeri au Wabunurong. AIATSIS, taasisi ya taifa ya utafiti juu ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ina ramani ya makundi haya yote; itafute kabla ya kununua hata filimbi.

Waingereza walipotia nanga mwaka 1788, bara hili lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Kwa hiyo mtu akikuambia "tufanye kitu cha Kiaborijini", amesema sawa na anayetaka kupika "chakula cha Kiafrika". Cha nani? Cha Mmakonde au cha Mluo?

Neno la kwanza la kujifunza ni boodja. Kamusi zitakuambia ni ardhi, lakini ndani yake mna maji, upepo, wanyama, mababu na watu walio hai. Wazee husema wao ni wa boodja. Sisi tuliolelewa kwenye shamba lenye makaburi ya babu nyuma ya migomba hatuhitaji kuelezwa sana hapo.

Neno la pili ni la Kiingereza: epuka "Aborigine", neno la zamani linalowaudhi wengi. Sema "Aboriginal person", au bora zaidi taja kabila lenyewe: Noongar.

Kisha soma historia. Hii si ya watoto wa miaka mitatu, ni yako wewe mwenye funguo za geti. Sheria ya Australia Magharibi ya mwaka 1905 ilimfanya ofisa mmoja wa serikali kuwa mlezi wa kisheria wa kila mtoto wa Kiaborijini hadi umri wa miaka 16. Mzazi akiwa hai, mzima, mwenye nyumba yake, mtoto alikuwa wa serikali. Kambi ya Moore River, kaskazini mwa Perth, ilifunguliwa 1918, na huko walipelekwa watoto waliochukuliwa kwa wazazi wao. Uchukuaji huo uliendelea nchini kote hadi karibu 1970. Ripoti ya taifa ilitoka 1997, na waziri mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008.

Piga hesabu ya miaka utaona kwamba baadhi ya mabibi wanaomleta mjukuu asubuhi walichukuliwa wenyewe, au mama zao. Usishangae bibi akisimama nje ya geti akiangalia sare yako na ubao wako wa fomu. Usimkimbilie na fomu. Mpe kiti, mpe chai, fomu itasubiri hadi wiki ijayo.

Hatua ya 2: Piga hodi, kisha subiri

Huku kuna mambo mawili ambayo wageni huyachanganya kila siku. Liko tamko la kuitambua ardhi na wenyewe, "Acknowledgement of Country". Hilo yeyote anaweza kulitoa, hata mimi na wewe, hata mtoto. Na yako makaribisho yenyewe, "Welcome to Country", ambayo hutolewa na mwenyeji wa ardhi ileile au aliyeruhusiwa na wazee wake. Mswahili asipate taabu hapa: la kwanza ni hodi, la pili ni karibu. Mgeni hapigi hodi akajiitikia mwenyewe.

Anza na familia za kituo chako. Kama kuna mzazi Mnoongar, usimgeuze mwalimu wa bure wa utamaduni mbele ya kila mtu. Muulize faraghani kama angependa kushiriki, na ukubali akisema hapana. Wengine wananyimwa nafasi ya kuwa wazazi tu, kila siku wanaulizwa juu ya kangaruu. Kama hakuna, nenda kwa halmashauri ya mtaa wako uulize nani anashughulikia uhusiano na Waaborijini, au mashirika ya Wanoongar ya eneo lako. Reconciliation Australia, shirika la maridhiano kati ya Waaborijini na Waaustralia wengine, lina programu iitwayo Narragunnawali kwa ajili ya shule na vituo vya watoto. Ni bure, na inakuongoza kuandika mpango wa maridhiano wa kituo.

Siku ya kwanza usiende na ratiba. Nenda ujulikane: wewe ni nani, umetoka wapi, watu wako ni akina nani. Wazee wengi huanzia hapo hapo, kama wazee wetu. Utasikia wakiitwa Aunty au Uncle. Hizo ni heshima mfano wa shangazi na mjomba, na wewe tumia pale utakapoambiwa, si kwa kujipachika.

Mambo ya kukubaliana mapema: nini kinaweza kusimuliwa na watoto, nini hakiguswi, mahali gani hapaendwi, nani apigwe picha. Yapo mambo ya wanawake na mambo ya wanaume, usichimbe. Katika jamii nyingi picha na jina la aliyefariki huwekwa kando kwa muda, kwa hiyo uliza kabla ya kubandika picha za wazee ukutani. Na msiba ukitokea, mzee hatakuja. Usimpigie simu mara tatu kuuliza kama kesho ataweza.

Na umlipe. Weka fungu kwenye bajeti ya mwaka, kama unavyoweka la mwalimu wa muziki. Nimeona vituo vinavyomlipa mtu wa kupuliza maputo, halafu mzee mwenye elimu ya maisha yake yote anapewa kikombe cha chai na kadi ya asante.

Hatua ya 3: Chagua sehemu moja tu

Usitafute pori la kupendeza. Tafuta lililo karibu, mnaloweza kulifikia kwa miguu ya mtoto wa miaka mitatu na kulirudia kila wiki kwa mwaka mzima. Nusu ekari ya vichaka nyuma ya uwanja wa mpira inatosha. Watakaporudi mara ya kumi ndipo wataanza kuona kwamba shimo la chungu limehama.

Angalia: kivuli, mtandao wa simu, njia ya gari la wagonjwa, choo au mahali pa kuweka poti, maji yenye kina. Angalia juu pia. Miti ya jamii ya mikaratusi huangusha matawi makubwa bila onyo, hata siku tulivu, kwa hiyo turubai usilitandike chini ya tawi kavu. Halmashauri au wenye eneo wakupe ruhusa kwa maandishi, na uulize kama pana kumbukumbu za kale zinazolindwa na sheria ya urithi wa Waaborijini ya 1972.

Kuna jambo moja ambalo wageni wa Perth hawaambiwi. Udongoni mna ugonjwa unaoua mizizi ya banksia na balga, ule mti wenye shina jeusi na nywele za majani kichwani. Unasafirishwa na matope ya viatu. Piga brashi soli za viatu kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Watoto wanalipenda zoezi hili kuliko michezo mingine yote, nami nimeliacha liwe ndiyo hodi yao ya miguu.

Hatua ya 4: Makaratasi na hatari

Sheria inataka tathmini ya hatari kwa maandishi na idhini ya mzazi kabla ya kutoka kituoni. Kwa matembezi ya kawaida ya sehemu ileile, idhini ya mara moja inatosha kwa miezi 12. Kwa Australia Magharibi, kituoni kiwango cha chini ni mwalimu 1 kwa watoto 4 walio chini ya miaka 2, 1 kwa 5 wa kati ya miaka 2 na 3, na 1 kwa 10 waliozidi miaka 3. Anayelea nyumbani haruhusiwi kuzidi watoto 7, na wasiofika umri wa shule wasizidi 4. Porini mimi huongeza mtu mzima mmoja juu ya hesabu ya sheria, daima, hata kama ni mwanafunzi wa mazoezi.

Msiende siku ya upepo mkali, ya marufuku ya moto, wala ya joto kali. Kipimo cha mionzi ya jua kikifika 3, kofia pana na krimu. Weusi wa ngozi si kinga ya kutosha, ingawa mama zetu hawataki kusikia hilo. Kuanzia Agosti ndege koolbardi, mweusi kwa mweupe, hulinda kiota kwa kushambulia vichwa. Badilisheni njia, msimrushie kitu.

Nyoka. Perth yuko dugite, na karibu na maji yuko tiger snake. Wote wawili wana sumu ya kuua. Wafundishe watoto kusimama kama mti, kisha kurudi nyuma taratibu. Mtu akiumwa: asitembee. Zungushia bendeji pana ya kuvutika juu ya jeraha kwa kukaza, kisha nyingine kuanzia vidoleni kupanda mguu au mkono mzima, funga gango, piga 000. Usioshe jeraha, kwa sababu mabaki ya sumu yanaweza kuwasaidia hospitalini kujua ni nyoka gani. Wengi wetu tumekua tukiamini jiwe jeusi, kuchanja na kamba ya kukata damu. Viache vyote vitatu. Fanyeni mazoezi ya bendeji kila muhula, mwalimu mmoja akijilaza kama mgonjwa. Watoto watacheka, lakini wataona kwamba aliyeumwa anatulia.

Hatua ya 5: Asubuhi yenyewe

Tunatoka saa mbili na nusu, tunarudi saa tano na nusu. Toroli ina maji, sanduku la huduma ya kwanza, poti, turubai, nguo za kubadilisha, lenzi tatu za kukuzia na kamba. Hatubebi midoli. Wiki mbili za mwanzo watoto watakuuliza "tufanye nini?" na wewe utatamani kuwapa kazi. Vumilia, wiki ya tatu swali hilo linakufa lenyewe.

Mlangoni mwa pori tunasimama. Tamko letu waliliandika watoto, yule bibi wa moodjar akalisikiliza na kulikubali. Linasemwa hivi: "Kaya! Tumekuja kucheza kwenye boodja ya Wawhadjuk Noongar. Asanteni wazee kwa kuitunza. Tutatunza miti, maji na wanyama." Kaya ni salamu ya Kinoongar. Watoto wenye asili ya Kiswahili huongeza "Hodi!" kwa sauti kubwa, na sasa hata watoto wa Kivietinamu wanaitikia hodi. Sharti langu moja: tamko lisikaririwe kama wimbo wa basi. Siku wakilibwata tu, naliacha, nauliza, "Leo tutatunza nini hasa?" Jibu la wiki jana lilikuwa mdudu mwenye miguu mitano.

Kisha tunakaa kimya dakika mbili, macho yamefumba, kila mtu anahesabu sauti kwa vidole. Walimu wengine huita zoezi kama hili dadirri. Neno hilo limeletwa kwetu na Miriam-Rose Ungunmerr-Baumann, mzee wa Daly River huko Northern Territory, na lina uzito wa imani kuliko kuhesabu ndege. Si la Kinoongar. Mimi silitumii, nasema tunasikiliza.

Baada ya hapo wanacheza, nawe unakaa. Vijiti ruhusa, alimradi kisizidi urefu wa mkono wako na kisikimbizwe nacho. Kupanda mti ruhusa hadi pale unapoweza kushuka mwenyewe. Mwalimu hampandishi mtoto. Mawe hayaondoki porini, mayai na viota havishikwi, na kila kinachochukuliwa kucheza kinarudishwa. Jambo hili la kurudisha ndilo wazee walilolisisitiza kuliko majina ya miti.

Majina yanakuja yenyewe. Mtoto akiona ndege mdogo anayetikisa mkia, sema djiti djiti. Kunguru ni wardong, kangaruu wa kijivu ni yonga, kenge ni karda. Matamshi chukua kwa mwenye lugha, si kwenye karatasi. Maneno matano yanayotumika kila wiki yanatosha mwaka wa kwanza.

Hatua ya 6: Fuata majira sita

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Kalenda ya darasani ina majira manne yaliyokuja melini kutoka Uingereza, na majani ya manjano yanayodondoka ambayo hapa huyaoni. Wanoongar wana sita. Mtu wa pwani yetu ataelewa upesi: nani Lamu au Pemba aliwahi kuishi kwa majira ya Uingereza? Kaskazi, masika, kusi, vuli, kila moja na upepo wake, samaki wake na kazi yake.

Birak, Desemba na Januari: joto, ukame, upepo wa bahari mchana, moodjar imewaka. Ulikuwa wakati wa kuchoma vichaka kwa mpangilio. Tunatoka mapema na kutazama moodjar kwa mbali. Bunuru, Februari na Machi, ndilo joto lenyewe. Mti wa marri hutoa maua meupe. Djeran, Aprili na Mei: usiku unapoa, umande unarudi, na chungu wenye mbawa wanaruka. Mtoto wa Kikongo aliyefika mwaka ule alipiga kelele "kumbikumbi!" akaanza kuwakusanya ale. Si kumbikumbi wale wa kwao, lakini alikuwa ameisoma ishara kama inavyosomwa hapa: hali ya hewa imegeuka.

Makuru, Juni na Julai, ni mvua na baridi. Vaeni gambuti mwende, msikae ndani. Djilba, Agosti na Septemba, ina siku za jua na siku za mvua zimechanganyika, na maua ya njano ya jamii ya migunga. Kambarang, Oktoba na Novemba: maua kila mahali, na nyoka wametoka kuota jua, kwa hiyo turudie zoezi la kusimama kama mti.

Usifundishe majira kwa bango. Tumia daftari moja kubwa la mwaka mzima: kila wiki mtoto mmoja anachora alichokiona, mwalimu anaandika maneno yake kama alivyoyasema. Daftari hilo ndilo litakaloonyeshwa wakaguzi. Mfumo wa taifa wa elimu ya awali, uliotoka 2009 na kurekebishwa 2022, umeweka mitazamo ya Waaborijini na ya watu wa visiwa vya Torres Strait kuwa kanuni mojawapo kati ya 8, na picha ya watoto waliopakwa rangi usoni haitoshi kuithibitisha.

Hatua ya 7: Ya kuacha

Acha kuchora nukta. Sanaa ya nukta kwenye mbao na turubai ilianzia Papunya, jangwa la katikati, mwaka 1971, na michoro yake ina wenyewe. Wape watoto mkaa na udongo wachore yao. Acha didgeridoo ya dukani, ile zumari ndefu ya mbao. Asili yake ni kaskazini ya mbali, si kwa Wanoongar, na baadhi ya jamii haziruhusu wanawake kuipuliza. Acha kusimulia hadithi za uumbaji ulizozipata mtandaoni. Vitabu vya watoto vilivyoandikwa na Waaborijini wenyewe soma kwa uhuru, ukitaja jina la mwandishi na watu wake. Acha kusema "waliishi", "walikula". Wapo, wanaishi, wengine ndio wanaokuletea mtoto asubuhi. Na usisubiri wiki ya NAIDOC mwezi Julai, ile ya kusherehekea utamaduni wa Waaborijini, ndipo ukumbuke.

Hatua ya 8: Wazazi wa kwetu

"Nakulipa umchafue?" Niliulizwa hivyo na mama mmoja wa Bujumbura, na alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye alikimbia kwao akiwa mtoto, pori lilikuwa mahali pa kujificha. Wengine hoja yao ni kalamu: mtoto ana miaka minne hajaandika jina. Usiwape nadharia. Mlete mzazi asubuhi moja. Mama yule alipofika chini ya mti wenye majani kama nyuzi, alisimama akasikiliza upepo, akasema kwao upo. Ni ndugu wa mvinje. Mkaratusi, mgrivea na miwati ya Njombe asili yake ni bara hili, hasa mashariki yake. Siku ile alimweleza mwanawe jambo ambalo mimi nisingeweza kulieleza, na wiki iliyofuata akaleta gambuti mwenyewe.

Mwisho wa mwaka tunampelekea bibi daftari, na chai, na bahasha yake. Analipitia ukurasa kwa ukurasa huku watoto wamemwegemea. Mwaka jana alifuta mahali nilipoandika kwamba Djeran huanza tarehe 1 Aprili. Alimpa kalamu mtoto wa Kikongo, akamwambia achore chungu wenye mbawa hapo.